Umeenda Ulaya Kuleta Uzi?

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea tangu mwezi wa tisa, na wengine mmekuwa mkiulizana pale vimbwetani kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa likizo, tena likizo ya nje ya nchi, ya kwanza tangu nizaliwe. Leo nimepata mwanya kati ya asaimenti mbili za saikolojia ya elimu, nikaona bora niyaseme haya kabla hayajanichachia moyoni.

Nianze na siku niliyorudi hosteli. Maji hayakuwepo, hilo wala si habari. Nilipanda ngazi na begi langu, nikawakuta wenzangu wa chumbani wameshajipanga kitandani kama watu wanaosubiri matokeo. Hata maji ya kunywa sikupewa. "Fungua begi tuone." Nikafungua. Walitarajia pafyumu, chokoleti, labda na viatu. Nikatoa madonge ya uzi. Kumi na manne! Ya kahawia, ya kijivu, meupe ya maziwa, na moja jeusi ambalo ukiliangalia juani si jeusi, lina wekundu kwa mbali. Kimya. Halafu mmoja wao, ambaye simtaji lakini anajijua na najua atasoma hapa, akasema: "Yaani umeenda Ulaya kuleta uzi?"

Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka. Lakini lile swali limekaa na mimi mwezi mzima sasa, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba jibu lake ni refu kuliko nilivyodhani.

Kwa wasionifahamu: mimi ni wa Makete. Kule kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta majani yana barafu, na mtoto asiye na sweta haendi shule, anakaa jikoni anaota moto. Mama yangu anafuma masweta. Si kwa mashine, kwa sindano mbili na mikono yake. Mimi nimejifunza kufuma kabla sijajua kusoma, na huwa nasema kwa utani kwamba hesabu ya kwanza niliyoijua ni ya vitanzi. Hapa chuoni wengi mnanijua kama "yule dada wa sindano". Nafuma nikiwa kwenye foleni ya usajili, nafuma kwenye daladala nikipata siti, na zamani nilikuwa nafuma hata kwenye lekcha mpaka mhadhiri mmoja akasimamisha somo akaniuliza kama nimekuja kusoma au kuandaa harusi. Nilitaka kumwambia kwamba mikono yangu ikiwa na kazi masikio yangu husikia vizuri zaidi. Sikumwambia. Niliziweka sindano kwenye mkoba, na baada ya dakika kumi nilikuwa nimelala fofofo.

Sasa safari. Mama yangu mdogo ni nesi huko Aberdeen, Uskoti. Amekaa kule miaka mingi, hana mtoto, na aliniahidi kwamba nikimaliza mafunzo ya vitendo ya kufundisha bila kuabika atanikatia tiketi. Nikamaliza. Habari za viza sizielezi, anayetaka kujua anitafute na awe na muda. Basi nikafika Aberdeen, na mama mdogo akaniuliza ninataka kwenda wapi katika zile siku zake chache za likizo. Alidhani nitasema London. Nikamwambia nataka kwenda Shetland.

Shetland ni visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uingereza, zaidi ya 100, ila vyenye watu ni kama 16 tu, na wakazi wote kwa jumla ni kama 23,000. Unapanda meli Aberdeen jioni, unalala humo humo, asubuhi unaamkia Lerwick. Mama mdogo alitapika usiku kucha na kunilaani. Mimi nilikuwa nafuma soksi. Nilivijua vile visiwa kwa sababu kila mfumaji anavijua hata kama hajui kwamba anavijua: ile mitindo ya mapambo ya rangi rangi inayozunguka kifuani kwenye masweta, ambayo hata kwenye mitumba ya pale Karume huikosi, asili yake ni kisiwa kimoja kidogo cha huko kinachoitwa Fair Isle, ambacho watu wake hata 100 hawafiki. Mwaka 1922 mtoto wa mfalme wa Uingereza alivaa sweta la namna hiyo akicheza gofu, na dunia ikachanganyikiwa. Wanawake wa kisiwa wakafuma mpaka vidole vikaota sugu.

Nitasema kwa kifupi vitu vilivyonifurahisha, maana si ndivyo vilivyonileta hapa leo. Kondoo wao ni wadogo, wanahesabiwa kuwa na rangi 11 za asili, na baadhi ya rangi hizo zina majina ya lugha ya kule. Ndiyo maana uzi wangu haujatiwa rangi, ni kondoo wenyewe walivyozaliwa. Kuna mashali ya kisiwa cha Unst, mepesi kiasi kwamba shali zima la kumfunika mtu linapita ndani ya pete ya ndoa. Nilidhani ni chumvi za watalii mpaka nilipoyaona yale mashali yenyewe. Na kuna mkanda wa ngozi uliojazwa manyoya ya farasi, una matundu. Unaufunga kiunoni, unachomeka sindano moja tunduni, na mkono unabaki huru, unakwenda kasi mpaka macho hayafuati. Bibi mmoja dukani alinifunga wa kwake nijaribu. Hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake sikukielewa hata nusu, lakini tulikaa pale karibu saa nzima tukioneshana vidole. Aliniambia kitu kimoja nikakielewa vizuri: nashika uzi kama mama yake alivyokuwa akishika.

Sasa twende pale penyewe.

Siku ya tatu mvua ilikuwa inapiga upande upande, tukaingia makumbusho ya Lerwick. Kuna picha za zamani za wanawake wanatembea kwenye nyika, mgongoni kila mmoja ana kapu limejaa mabonge ya mboji kavu, ile wanayochoma badala ya kuni. Mikono yote miwili inafuma. Wanatembea, wamebeba, wanafuma. Mama mdogo alisimama mbele ya picha moja akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka mlinzi akageuka: "Huyu si bibi yako huyu? Tofauti yake kofia tu."

Basi udadisi ukanipanda, nikaanza kusoma habari zao, na usiku ule kwenye nyumba ya wageni nikaendelea kusoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe wale wanawake karne nzima hawakuwa wakilipwa pesa. Mwanamke alifuma shali miezi, akalipeleka dukani kwa mfanyabiashara wa Lerwick, na yule bwana akampa majani ya chai, au kitambaa, au kikaratasi cha kuja kuchukulia bidhaa siku nyingine kwenye duka hilo hilo. Akitaka pesa taslimu, mara nyingi hakuna, na ikiwepo ni pungufu. Na chai hailiwi. Wako waliobeba majani yao ya chai wakayabadilisha kwa wakulima wapate unga. Mambo yalizidi mpaka mwanzoni mwa 1872 serikali ikatuma mtu kwenda kuhoji watu, na ushahidi wao ukachapwa mwaka huo huo. Wafumaji wenyewe walisimama wakaulizwa swali moja moja: ulifuma nini, ulipeleka wapi, ulipewa nini, kwa nini hukuomba pesa. Mwaka 1887 ikatungwa sheria iliyowagusa na wafumaji wa majumbani, ingawa desturi ile haikufa siku moja.

Nilipokuwa nasoma majibu yao nilianza kusikia joto masikioni. Kwa sababu nilikuwa nayajua yale majibu. Nimeyasikia sebuleni kwetu.

Mama anachukua uzi dukani pale kijijini mwezi wa kumi, kwa mkopo. Mwenye duka anaandika kwenye daftari. Mama anafuma masweta ya shule mpaka Januari, bluu ya kuiva na kijani, anapeleka, mwenye duka anaandika tena. Sweta moja la mtoto linahesabiwa shilingi 14,000. Uzi unakatwa 7,000. Hiyo 7,000 iliyobaki mama haioni kwa macho. Anachukua sukari, mafuta ya kula, sabuni, chumvi, vocha. Mwezi wa pili daftari linafungwa, na kila mwaka, kila mwaka wadau, hesabu inakuja kwamba mama anadaiwa kidogo. Kidogo tu. Kiasi cha kumfanya achukue tena uzi pale pale mwezi wa kumi.

Nilikaa kitandani kule Lerwick nikapiga hesabu ambayo katika miaka yangu yote ya kufuma sijawahi kuipiga. Sweta la mtoto wa darasa la nne, kwa mkono, kwa mtu mzoefu kama mama, si chini ya saa 20. Elfu saba gawa kwa ishirini. Shilingi 350 kwa saa. Haifiki hata chapati moja ya kantini yetu.

Usidhani kwamba nilirudi na ule wimbo wa "wenzetu wameendelea". Huo wimbo unanichosha. Kesho yake niliingia duka linalouza masweta ya kufumwa kwa mkono, nikakuta moja limebandikwa paundi 320, yaani zaidi ya milioni moja ya kwetu, nikashika mdomo. Lakini yule mama muuzaji akaniambia sweta lile limechukua saa 100 na zaidi. Pigeni wenyewe: ni kama paundi 3 kwa saa, na hapo duka halijakata chake. Kima cha chini cha mshahara kule kwa mtu mzima kilikuwa paundi 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Kwa hiyo anayefagia duka anamzidi mbali anayefuma kinachouzwa dukani. Na historia yao inaonesha hivyo hivyo: mafuta ya petroli yalipoanza kuchimbwa baharini miaka ya 1970, wanawake wengi wa Shetland walipata kazi nyingine zenye mshahara wa kueleweka, na ufumaji ukapungua. Hawakuwa wameichukia kazi yao. Walikuwa wamepata kitu cha kuilinganisha nayo. Mama yangu hana cha kulinganisha. Ana daftari la mtu mwingine.

Nikarudi. Likizo ina ubaya wake, nao ni kwamba inakurudisha ukiwa mtu msumbufu. Wiki ya kwanza bumu halijaingia, ratiba ya vipindi inagongana, tesiti imebandikwa wiki ya tatu, na mimi kichwani nina wanawake wa 1872. Akaja rafiki yangu wa kozi, dada yake amejifungua, anataka seti ya mtoto: kasweta, kofia na soksi. Kabla ya likizo ningefanya kwa 10,000 na uzi juu yangu. Nikamwambia 25,000. Akaniangalia. Nikamweleza saa, nikamweleza uzi. Akasema, "Umekaa wiki tatu tu umeshakuwa mzungu." Akaenda kununua ya dukani, ya kiwandani, kwa 12,000. Simlaumu. Na yeye bumu lake halijaingia. Lakini niliumia, nisidanganye.

Nikampigia mama. Hapa ndipo nilipovuna nilichopanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama? Baridi ya huko haikukuumiza?"

Nikamwambia baridi ya kule ni mtoto mdogo kwa Makete, akacheka sana. Halafu nikaanza. Nikamweleza wale wanawake, chai, vikaratasi, hesabu ya saa, 350. Nikamwambia yule mwenye duka anakunyonya mama, dai pesa taslimu. Nilisema kama mtu anayewasilisha semina. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, ndiyo tabia yake, halafu akauliza kwa upole:

"Ulipochaguliwa kidato cha tano, nauli, godoro na tranka, nani alitoa?"

Nikanyamaza.

"Ni huyo huyo. Baba yako alikuwa amelazwa. Nilikwenda usiku nikabisha hodi, akafungua duka. Hakuniuliza nitalipa lini. Wewe unayehesabu saa, hiyo saa ya usiku umeihesabu?"

Wadau, mimi nasoma ualimu, nimefundishwa kuuliza maswali yanayomfanya mwanafunzi afikiri. Sijawahi kuulizwa swali kama lile na mhadhiri yeyote. Nilimwambia samahani mama, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za hosteli mpaka umeme ukarudi.

Lakini, na hapa ndipo ulipo msimamo wangu, sijafuta kauli. Nimeigeuza geuza kwa wiki tatu na bado naona hivi: wema ni kitu kimoja na ujira ni kitu kingine, na ubaya wa lile daftari ni kwamba vyote viwili vimeandikwa ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa mtu mmoja. Mama alilipwa fadhila ya kweli usiku ule. Na mama analipwa 350 kwa saa tangu nikiwa mdogo. Vyote ni kweli. Fadhila ikishachanganywa na sukari na uzi, huwezi tena kujua umeshailipa au bado. Kila ukitaka kuuliza bei unaonekana huna shukrani. Hata kwenye ule ushahidi wa 1872 wapo wanawake ambao, ukisoma kwa makini, unaona kabisa hawataki kumsema vibaya mfanyabiashara wao. Zamani ningedhani ni woga. Sasa nadhani wengine wao walishabisha hodi usiku.

Kuna jambo la pili nilitaka kulisema kama mwalimu mtarajiwa, na nitalisema hata kama halijakaa sawa na hili la kwanza.

Kule Shetland watoto walikuwa wanafundishwa kufuma katika shule za msingi, na walimu wa kufuma wakilipwa na halmashauri. Mwaka 2010 halmashauri ikaamua kuacha kugharimia masomo hayo, ikisema inabana matumizi. Kisiwa kinachojulikana dunia nzima kwa kufuma kikaacha kuwafundisha watoto wake kufuma! Miaka michache baadaye watu wenyewe wakaanzisha mpango unaoitwa ShetlandPeerieMakkers, maana yake ni kama "wafumaji wadogo wa Shetland", ambapo wafumaji wazoefu wanajitolea kuwafundisha watoto bure baada ya masomo. Nilivyosikia hivyo nikajisemea, kumbe na hawa.

Maana na sisi tumepita huko huko. Tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, tukawa na somo la Stadi za Kazi shule ya msingi, halafu mageuzi ya mtaala ya muongo uliopita yakaliondoa kama somo linalosimama lenyewe. Sasa tangu Januari 2024 tuna mtaala mpya wenye mkondo wa amali sekondari, na mimi nausifu, sitaki mtu aseme napinga kila kitu. Ila naogopa jambo moja. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, shule siitaji, nilikuwa nafuma barazani wakati wa mapumziko. Wiki ya kwanza wakaja wasichana wawili. Wiki ya pili wakaja wavulana, na mmoja wao alikuwa amechonga sindano kutokana na spoku za baiskeli, amezisugua kwenye jiwe mpaka zimelainika. Wiki ya tatu walikuwa zaidi ya ishirini, na uzi wao ni wa kufumua masweta mabovu. Yule wa spoku hesabu zilikuwa zinamshinda darasani, lakini akifuma hakosei kuhesabu vitanzi, na nilianza kumfundishia uwiano kwa kutumia pingili za sweta. Ikaenda! Halafu nikaitwa ofisini nikaulizwa kwa heshima zote: hili lipo kwenye mtaala? Nikasema halipo. Basi.

Ndiyo ninachoogopa. Tutaandika amali kwenye mtaala, tutanunua vyerehani kwa shule chache zenye bahati, na mwalimu wa hesabu akionekana na sindano barazani bado ataitwa ofisini. Na tukifundisha, tutafundisha kufuma tu, hatutafundisha kuandika. Mtoto atatoka anajua kutengeneza sweta zuri kama la mama yangu na hajui kujiwekea daftari. Ningekuwa na mamlaka (sina, nina sapu moja ya takwimu) somo la kwanza la amali lingekuwa ni mwanafunzi kuandika: nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, uzi kiasi gani, nimeuza kwa nani, amenipa nini. Sindano zije kipindi cha pili.

Kwa hiyo yule mwenzangu aliyeuliza, hili ndilo jibu. Nimeenda Ulaya nikaleta uzi kwa sababu uzi ndio kitu pekee nilichokuta kule ambacho nilikuwa na uhakika nakijua, halafu nikagundua kwamba nilikuwa nakijua nusu. Na kofia unayoivaa sasa hivi kwenda lekcha ya saa moja asubuhi imetokana na donge la kahawia, tena ulipewa bure, kwa hiyo tulia.

Jumapili iliyopita mama alipiga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi tena, hakunipa nafasi. Akasema amenunua daftari, la kurasa 48. Ameandika masweta sita aliyoyapeleka msimu huu, na upande wa pili vitu alivyochukua. Ameenda nalo dukani akaliweka juu ya kaunta kando ya lile jingine. Nikamuuliza, akakasirika? Akasema hapana, alishangaa tu kidogo, wakasoma pamoja, na kwenye sabuni wakatofautiana, wakarekebisha. Pesa taslimu bado hajaomba. Anasema ataomba Januari, akiona uso wake umekaaje.

"Lakini hizo saa," akasema, "nimeanza kuziandika, zinanishinda. Nikiwa naangalia ugali huku nafuma, hiyo ni saa ya sweta au ni saa ya ugali?"

Nikamwambia ngoja niulize, nitakujibu. Nikakumbuka zile picha za makapu mgongoni. Mpaka leo sijamjibu. Nyie mngemwambiaje?